Miji ya Kale: Kilwa, Mji Uliouza Dhahabu, Kisha Watu



Mwezi uliopita tulizungumza habari za Venezia, mji wa Italia uliojengwa juu ya maji, ambao merikebu zake zilitajirika kwa biashara ya bahari, hata Napoleon alipoukomesha utawala wake mwaka 1797. Tulitaja pia farasi wanne wa shaba ambao watu wa Venezia waliwanyakua Konstantinopoli mwaka 1204, katika mji wa Wakristo wenzao, kisha wakawasimamisha juu ya mlango wa kanisa la Marko Mtakatifu. Baada ya kusoma hayo, mwalimu mmoja wa pande za Tukuyu alituuliza, “Je, sisi hatukuwa na mji? Watoto shuleni hudhani mambo ya kale yote ni ya Ulaya.” Swali hili ni jema, nasi twalijibu leo. Mji tulikuwa nao, na jina lake ni Kilwa.

Kilwa ya kale ni kisiwa kidogo kilicho karibu sana na bara, katika mkoa wa Lindi. Huitwa Kilwa Kisiwani, tusije tukaichanganya na Kilwa Kivinje wala Kilwa Masoko, zilizoko bara. Watu wamekaa hapo kwa zaidi ya miaka 1,000. Masimulizi ya zamani husema kwamba Ali bin al-Hasan alitoka Shirazi katika nchi ya Uajemi, akakinunua kisiwa kwa nguo nyingi, zilizotosha kukizunguka chote. Lakini mwaka 2023 wataalamu walitangaza waliyoyaona katika mifupa ya makaburi ya kale ya pwani, Kilwa ikiwamo. Waliona kwamba wengi wa watu wale walitoka Afrika kwa upande wa mama, na Uajemi kwa upande wa baba. Basi mji ule haukujengwa na wageni peke yao. Waliwamo watoto wa mama zetu.

Utajiri wa kwanza wa Kilwa ulikuwa dhahabu. Dhahabu hiyo ilichimbwa mbali katika nyanda za juu za Zimbabwe, ikachukuliwa mpaka bandari ya Sofala, na Kilwa ndiyo iliyoishika njia ya Sofala. Wafanya biashara walileta nguo za Uhindi, shanga na vyombo vya China, wakarudi na dhahabu na pembe za ndovu. Masultani wakapiga fedha zao wenyewe za shaba. Moja ya fedha hizo imeonekana katika magofu ya Zimbabwe Kuu, na mwaka 1944 nyingine tano ziliokotwa katika kisiwa cha kaskazini ya Australia.

Katika masultani hao aliyevuma zaidi ni al-Hasan bin Sulaiman. Ndiye aliyejenga Husuni Kubwa, jumba lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la pande nane, juu ya jabali linalotazama bahari. Ndiye pia aliyeupanua Msikiti Mkuu. Kuta zilikuwa za mawe ya matumbawe na chokaa. Aliyezoea nyumba za mianzi za babu zetu wa Rungwe angalistaajabu kuziona. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta wa Moroko alifika huko, akausifu mji kwa uzuri wake, na Sultani kwa ukarimu wake. Lakini aliandika jambo jingine pia: kwamba Sultani yule alikuwa akizishambulia nchi za watu weusi wa bara na kuleta mateka. Tulikumbuke neno hili, maana mbegu ilikwisha kupandwa katika siku za fahari.

Sasa twafika mahali ambapo yatupasa kusema kweli, ingawa ni uchungu kwetu sisi Wakristo. Mwaka 1502 Vasco da Gama wa Ureno alikuja na merikebu zenye mizinga, akamlazimisha Amiri Ibrahim kutoa kodi ya dhahabu. Mwaka 1505 Francisco de Almeida alikuja na jeshi kubwa zaidi, akautwaa mji. Mapadre wakashuka pwani na misalaba miwili, wakiimba nyimbo za sifa, na msalaba ukawekwa katika jumba. Jemadari akasali. Baada ya sala, askari wakaanza kuuteka mji nyumba kwa nyumba.

Na ile dhahabu ya kodi ilikwenda wapi? Mfalme Manuel wa Ureno aliamuru ifanywe chombo kitukufu cha kuwekea Sakramenti, chenye sanamu za mitume kukizunguka. Kilikwisha mwaka 1506, nacho kimehifadhiwa katika nyumba ya makumbusho mjini Lisboa. Juu yake yamechorwa maneno ya kukiri kwamba dhahabu yake ni kodi ya Kilwa. Hakuna aliyeona haya kuyachora.

Wareno waliiacha ngome yao baada ya miaka michache, lakini biashara ya dhahabu ilikuwa imekwisha kuvunjika. Mwaka 1587 Wazimba waliuvamia mji na kuua watu wengi. Kilwa ikadhoofu muda mrefu. Ilipoinuka tena katika karne ya 18, haikuinuka kwa dhahabu, bali kwa watu. Mwaka 1776 Sultani alifanya mapatano na Mfaransa mmoja, jina lake Morice, ya kumwuzia watumwa 1,000 kila mwaka, wa kulima mashamba katika visiwa vya Wafaransa. Angalieni: muuzaji alikuwa Mwislamu, na mnunuzi alitoka katika nchi ya Kikristo.

Baadaye Waarabu wa Omani wakaishika pwani, na biashara ikahamia Kilwa Kivinje. Hapo ndipo habari ya Kilwa inapofika milangoni petu. Misafara ilitoka katika nchi za Ziwa Nyasa, watu wamefungwa shingoni kwa miti na minyororo, ikaenda mwendo wa majuma mengi mpaka Kilwa, na kutoka huko kwa majahazi mpaka Unguja. Livingstone aliandika, kwa habari aliyopewa na Kanali Rigby, balozi wa Waingereza huko Unguja, kwamba watumwa 19,000 kutoka nchi ya Nyasa walipita katika forodha ya Unguja kila mwaka. Hao ndio waliofika. Walioanguka njiani hawakuandikwa katika daftari. Soko la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na mwaka 1876 Sultani Barghash akakataza misafara ya watumwa barani. Misheni ilipoanza Rungwe mwaka 1891, biashara ile ilikuwa haijakoma kabisa kando ya ziwa, na baadhi ya watu waliokuja kukaa penye misheni walikuwa wamekombolewa utumwani.

Leo Kilwa Kisiwani ni magofu na kijiji cha wavuvi. Mwaka 1981 UNESCO iliandika magofu hayo katika urithi wa dunia. Mwaka 2004 iliyatia katika orodha ya urithi ulio hatarini, yakaondolewa humo mwaka 2014 baada ya kutengenezwa.

Basi, mwalimu mpenzi, watoto na waambiwe kwa furaha kwamba tulikuwa na mji mkuu. Lakini wasiambiwe nusu ya habari. Wako wapendao kusema, “Waislamu walituuza,” kisha wakanyamaza. Kilwa haituachii kusema hivyo. Mwislamu aliuza, Mkristo aliteka na kununua, na wako wakubwa wa bara waliowatoa watu wao kwa bunduki na nguo. Katika Ufunuo, mlango wa 18, orodha ya bidhaa za Babeli huanza kwa dhahabu na kuishia kwa wanadamu. Njia ya Kilwa ilikuwa ni hiyo hiyo, na Venezia nayo iliuza watumwa katika masoko yake.

Tena dhahabu haitakasiki kwa kufanywa chombo cha kanisa. Mtu alimpunja mjane shamba lake la migomba, akaleta sehemu ya kumi ya ndizi zake siku ya mavuno. Huyo amefuata njia ya mfalme Manuel, ingawa hajaona bahari. Na mtu amwambiaye jirani yake, wakati wa ugomvi, “Bibi yako alinunuliwa,” huyo amelifungua tena soko la Kilwa kwa ulimi wake.

Maswali ya kuzungumza nyumbani baada ya sala ya jioni:

1. Kwa nini Kilwa ilianza kwa kuuza dhahabu, ikaishia kwa kuuza watu?
2. Je, katika nyumba yetu kuna kitu ambacho hatupendi kuulizwa kilikotoka?
3. Yuko nani jirani yetu ambaye tumemdharau kwa ajili ya asili yake?

Mwezi ujao, Bwana akipenda, tutasimulia habari za Roma. Kaeni na amani.