Rubani wa Mizigo Naye ni Rubani

Ipo tabia iliyoota mizizi mijini kwetu, nami nimeinyamazia vya kutosha. Nenda kwenye posa yoyote ya siku hizi. Wazee wameketi mkekani, kahawa imeshamiminwa, na mshenga anamwaga sifa za kijana wake: ana dini, ana adabu, ni rubani. Kufika hapo shingo zote hunyooka, na shangazi aliyekuwa chumba cha pili akijifanya hasikii hutokeza na sinia jingine la halua. "Rubani wa shirika gani, baba?" Mshenga hujibu kuwa kijana anarusha ndege za mizigo. Basi! Halua hurudi ndani. "Kumbe habebi abiria," husema mjomba mmoja kwa sauti ya kutoa pole, na kabla kikao hakijavunjika kijana ameshapachikwa jina: dereva wa lori la angani.

Ndugu zangu, haya ni mambo ya aibu, na ninyi msomao gazeti hili ni watu wa akili, hamfai kuyashiriki. Saa 1,500 za kuruka anazodaiwa nahodha wa abiria ili apate leseni ya juu kabisa ndizo anazodaiwa mwenzake wa mizigo. Daktari anayewapima macho na moyo ni mmoja. Wote wawili huingizwa kwenye simuleta, wakazimiwa injini na kuwashiwa moto wa bandia, na anayeshindwa harushi ndege, awe na abiria nyuma yake au magunia. Wakifika miaka 65 kanuni za kimataifa huwashusha wote. Tofauti iko wapi, kama si kwenye macho ya watu waliosimama ukumbi wa wanaowasili?

Na hapo ndipo penye kidonda chenyewe. Vijana wetu wengi hawautaki urubani. Wanataka mistari minne ya dhahabu begani, miwani myeusi, na kupigwa picha wakiburuta kisanduku cha magurudumu. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Wazazi nao, badala ya kumkalisha mtoto na kumwuliza maswali ya kiutu uzima, huuza shamba la urithi ili waje waitwe baba rubani na mama rubani. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Leo tufungue.

Kwanza tuwakumbushe wasahaulifu kwamba katika nchi hizi mzigo si mgeni angani. Shirika la Imperial Airways lilipoanza safari zake za London hadi Mwanza mwezi Februari 1931, mifuko ya barua ilikuwa sehemu kubwa ya kazi yake. Na leo? Maua ya Naivasha yanayokatwa asubuhi hupakiwa usiku Nairobi na kupelekwa Amsterdam, na maelfu ya akina mama wanaofunga mashada yale hula kwa sababu kuna mtu aliyekubali kukesha. Serikali ya Tanzania haikuwa inacheza ilipoipatia Air Tanzania ndege ya mizigo aina ya Boeing 767-300F mwezi Juni 2023, yenye uwezo wa kubeba tani 54. Zile nyama, minofu ya samaki na matunda yetu havina miguu. Na ule mwaka 2020, ndege za abiria zilipoegeshwa uwanja baada ya uwanja, na marubani wake wakakaa nyumbani wakihesabu akiba, wa mizigo ndio walioendelea kuruka wakipeleka barakoa na dawa. Siku hiyo sikumsikia mtu akiwacheka.

Zipo basi faida, tena si ndogo. Mzigo haulewi, haugombani na wahudumu, wala hausimami kufungua makabati kabla ndege haijatulia. Katika kampuni kubwa za Marekani kama FedEx na UPS, manahodha wa mizigo ni miongoni mwa marubani wanaolipwa vizuri kuliko wote duniani. Hata huku kwetu, kijana anayeanzia kwenye ndege ndogo kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi, akipeleka dawa na vyakula Sudan Kusini au Somalia, hukusanya saa zake huku akifundishwa na viwanja vya changarawe mambo ambayo darasa haliwezi kumfundisha. Kazi mbaya si mchezo mwema, na hii wala si mbaya.

Lakini mimi siuzi ndege, kwa hiyo sitawaficha upande wa pili.

Kazi hii ni ya usiku. Usiku ndipo maua husafiri, na vifurushi, na kila kinachotakiwa kifike kabla duka halijafunguliwa. Mola aliujaalia usiku uwe wa kupumzika, na mwili haujui kubishana naye: ikifika saa kumi za alfajiri kope huwa nzito hata kwa shujaa. Agosti 2013 ndege ya UPS iliangukia karibu na uwanja wa Birmingham, Alabama, kabla hakujapambazuka, na marubani wote wawili wakafa. Wachunguzi walitaja uchovu miongoni mwa mambo yaliyochangia. Sasa sikilizeni maajabu. Miezi michache baadaye, Januari 2014, Marekani ikaanza kutumia kanuni mpya za mapumziko ya marubani, na wa mizigo wakaachwa nje! Kana kwamba usingizi huuliza kwanza nyuma kuna watu au kuna maboksi. Wakubwa wa usafiri wa anga wa Afrika Mashariki wasije wakaiga hilo.

Tena ndege za mizigo, nyingi, ni zile zilizokwishatumikia abiria miaka mingi, viti vikang'olewa na mlango mpana ukatobolewa ubavuni. Kwenye kampuni iliyo makini, hilo halina neno. Kwenye kampuni ya ujanjaujanja, kijana wangu, utarushwa na chuma kilichochoka kwenda mahali ambapo hakuna anayekwenda. Machi 2005 Ilyushin iliyobeba samaki ilitumbukia Ziwa Victoria mara tu baada ya kuruka Mwanza, wakafa wote 8. Julai 2014 Fokker iliyobeba miraa kwenda Mogadishu iliangukia jengo huko Utawala, Nairobi, wakafa wanne waliokuwamo. Mei 2020 ndege iliyopeleka vifaa vya tiba Somalia ilitunguliwa ikikaribia kutua Bardale, wakafa sita. Hawa nao walikuwa watoto wa watu.

Kisha kuna mzigo wenyewe. Usione vyaelea, vimeundwa. Kila paleti hupimwa uzito, ikapangiwa mahali pake, ikafunikwa wavu na kukazwa kwa mikanda hadi ishikwe na sakafu. Mpakiaji akifanya haraka ili awahi kituo cha daladala, anayelipa ni mwingine. Huko Bagram, Afghanistan, Aprili 2013, magari ya kijeshi yalifunguka ndani ya Boeing 747 ilipokuwa inapaa. Moja likateleza nyuma, likaharibu mitambo ya mkiani, pua ikainuka na ndege ikaanguka. Walikuwamo watu saba, hakupona hata mmoja.

Na kwa kuwa nimegusa mzigo, siwezi kupita bila kuwasema wafanyabiashara wetu waongo. Ninyi ninyi! Mtu anapakia katoni nzima ya betri za simu, akifika kwenye fomu anaandika "vifaa vya nyumbani" ili akwepe gharama na usumbufu. Mwingine anasokomeza chupa za manukato katikati ya madira, halafu anamkonyeza karani. Hamjui mnachokifanya? Tarehe 3 Septemba 2010 ndege ya UPS iliondoka Dubai kwenda Cologne, Ujerumani, ikiwa na betri za lithiamu, na baadhi ya shehena hizo hazikuwa zimetangazwa inavyotakiwa. Moto ukawaka. Moshi ukajaa chumba cha marubani hata wakashindwa kuona saa na mishale iliyo mbele ya nyuso zao. Hawakurudi, wala mmoja. Njia ya mwongo ni fupi, lakini mara hii aliyeikatiza hakuwa mwongo mwenyewe. Mnaswali, mnatoa sadaka, mnachangia misikiti na makanisa, halafu mnamwandalia mtoto wa mwenzenu jeneza kwa kalamu! Mamlaka ziwakamate, na faini iwe ya kumfanya mtu auze gari.

Nirudi kwa kijana. Ukiitaka kazi hii, itafute kwa macho makavu. Kabla ya kusaini mkataba, uliza rubani hupumzika saa ngapi baada ya usiku wa kuruka, na uulize waliowahi kufanya kazi pale, si meneja aliyevaa tai. Uliza kama rubani akikataa ndege yenye kasoro hufukuzwa au husikilizwa. Soma ni miaka mingapi umefungwa kwa sababu wamekulipia mafunzo. Zungumza na mchumba wako mapema kuhusu sikukuu utakazokuwa hupo, maana mtaka cha mvunguni sharti ainame, naye atainama pamoja nawe.

Nanyi wazazi, msiuze hata robo eka kabla mtoto hajapimwa na daktari wa anga na kupewa cheti cha afya cha daraja la kwanza. Wapo waliolipa karo ya mamilioni ndipo wakaambiwa macho hayatofautishi nyekundu na kijani. Kipimo hicho ni cha siku moja, na gharama yake haifiki hata karo ya mwezi. Mpelekeni huko kwanza.