Tusimdhulumu Muuza Sabuni

Hivi karibuni tulihudhuria hitima katika nyumba moja ya Kiembe Samaki. Baada ya dua na chakula, kina mama walikaa uani kuosha masufuria ya pilau yaliyoganda samli. Maji yalitekwa kisimani. Mche wa sabuni ukasuguliwa kwa nguvu, lakini povu halikutoka. Juu ya maji ukaelea utando mweupe mithili ya maziwa yaliyokatika. Binti mmoja akasema, "Shangazi, mwenye duka katuuzia sabuni bandia." Kabla ya magharibi, jina la mtu huyo lilikwisha kutajwa kwa ubaya.

Kauli hiyo hatuwezi kuipima bila ya kuifahamu sabuni. Maji na samli havichanganyiki. Kila chembe ya sabuni ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaokimbilia mafuta. Chembe hizo zikifikia kiasi cha kutosha majini, hujikusanya zikawa vifundo vidogo mno visivyoonekana kwa macho: mikia ndani, vichwa nje. Samli hufungiwa humo katikati ya mikia, kisha ikachukuliwa na maji. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Povu si kipimo chake, na sabuni inayozidi haja ni israfu.

Sasa tuyatazame maji. Sehemu kubwa ya Unguja imekaa juu ya mwamba wa matumbawe, nao ni chokaa. Maji ya kisima hupita humo yakabeba sehemu yake. Chokaa hiyo huvikamata vichwa vya sabuni kabla ya vifundo kuundika, na vyote pamoja hugeuka utando usioyeyuka. Sabuni huwa nzima, ila imekwisha kabla ya kuifikia samli.

Tuliomba maji ya mvua kutoka kwenye pipa. Mche ule ule ukatoa povu tele, na masufuria yakatakata.

Basi, ndugu zetu, samli ifutwe kwanza, maji yapashwe moto, na yakiwepo ya mvua yatangulizwe. Lakini liko lililo zito zaidi ya masufuria. Mwenye duka yule hakuwepo kujitetea. Waliosikia akituhumiwa wanastahiki kusikia pia kwamba hakukosea, na aliyesema ndiye anayepaswa kuanza.