Wimbo tunaupenda, mwenye kuuimba tunamtukana

Fainali ikiisha, popote duniani, wimbo ni ule ule. Kapiteni ananyanyua kombe, karatasi za rangi zinamwagika, na sauti ya mwanaume mmoja inapanda juu ya kelele zote. Katika nganda za Misisi na Lubichako, kule wachimbaji wanatoa franka kidogo ili kuangalia mpira kwa televisheni ya jenereta, watu wanaimba pamoja naye hata kama hawajui maana ya neno hata moja. Udongo bado uko masikioni, mikono iko juu, meza zinapigwa. Kwa dakika tatu kila mtu ni bingwa, hata yule ambaye shimo lake halijatoa kitu tangu mwezi uliopita.

Siku moja, mu nganda ya namna hiyo, kijana mmoja aliyesoma kidogo akasema: «Munajua ule mwenye kuimba alikuwa anapenda wanaume wenzake?» Kelele zikakatika. Mmoja akajibu: «Acha bongo.» Mwingine akasema: «Kama ni vile, muzime ile kitu.» Haikuzimwa, juu watu walikuwa wamekwisha kulipa feza yao. Lakini hakuna aliyeimba tena.

Ukurasa huu unasema nanyi mara nyingi juu ya bei ya dhahabu, juu ya mashimo yanayoporomoka na vizuizi vya barabara. Leo tunaomba kusema juu ya mwimbaji yule. Msidhani tumetoka nje ya machimbo, tutarudi.

Alizaliwa Unguja, tarehe 5 Septemba 1946, na wazazi wake wakamwita Farrokh Bulsara. Walikuwa Waparsi, watu wa asili ya Uhindi. Baba yake, Bomi, alikuwa mtunza feza wa mahakama kuu chini ya serikali ya Waingereza. Mtoto alipofikia kama miaka minane alipelekwa shule ya bweni Panchgani, Uhindi, na huko akajifunza piano na kuanza kupiga muziki na wanafunzi wenzake. Akarudi Unguja mwaka 1963. Januari 1964 mapinduzi yakaja, damu ikamwagika, na familia ikakimbia na mizigo michache mpaka Feltham, karibu na London. Hapa Fizi hatuna haja ya kueleza mtu maana ya kukimbia hivyo. Wengi wetu tuna ndugu Nyarugusu, ng'ambo ya ziwa, waliovuka usiku na godoro moja na sufuria.

London alisoma uchoraji, akauza nguo sokoni Kensington pamoja na mpiga ngoma Roger Taylor, na mwaka 1970 wakaanzisha kundi lililoitwa Queen. Yeye akajipa jina Freddie Mercury.

Sasa mchimbaji asome polepole, juu hii sehemu anaijua kwa mwili wake. Kundi lilisaini na kampuni moja iliyowapa studio, vyombo na mshahara mdogo wa kila juma. Nyimbo zikaanza kuuzwa, watu wakajaa katika kumbi, na wao wakaendelea kukaa vyumba vya kupanga. Mpiga besi aliomba feza ya kuanzia kununua nyumba, akanyimwa. Mercury aliomba piano, akanyimwa. Walipouliza hesabu, waliambiwa bado wana deni. Si ndiyo ile ile? PDG wa shimo anakulisha, anakukopesha buti na torshi, anakulipia matibabu, na siku ya kugawa mifuko anafungua kadaftari: bado una deni, kijana wangu, rudi chini. Mwaka 1975 walifaulu kutoka katika mkataba ule. Mwaka huo huo wakatoa «Bohemian Rhapsody», wimbo wa karibu dakika sita ambao wakubwa wa muziki waliogopa kwamba hakuna redio itaupiga. Rafiki yao mmoja wa redio akaupiga tena na tena mwisho wa juma, na Uingereza ukakaa namba moja kwa majuma tisa. Ule wa mabingwa, aliuandika yeye mwenyewe, ukatoka 1977. Na tarehe 13 Julai 1985, Wembley, mbele ya watu zaidi ya elfu sabini waliokusanyika kwa ajili ya njaa ya Ethiopia, alisimama kama dakika ishirini tu. Wenye kujua muziki bado wanazisema dakika zile mpaka leo.

Mtu huyu aliyeweza kufanya uwanja mzima upige makofi kwa mkono wake mmoja hakuweza kusema jambo moja juu ya maisha yake. Alikuwa anaishi na mwanaume, Jim Hutton. Magazeti yalikuwa yananusa kila siku, wapiga picha walikuwa wanalala mlangoni. Mwaka 1987 aliambiwa kwamba ana virusi vya SIDA. Akanyamaza. Aliendelea kuimba akikonda, akirekodi Montreux katika Uswisi mpaka miezi yake ya mwisho, na waandishi wakimuuliza alikana. Tarehe 23 Novemba 1991 akatoa tangazo kwamba ndiyo, ana SIDA. Siku iliyofuata akafa. Alikuwa na miaka 45.

Hatusemi kwamba alikosa. Kila mtu ana haki ya kufunga mlango wa nyumba yake. Tunasema tu kwamba mlango ule aliufunga juu alijua nini kinamngoja nje. Na kama angeishi miaka mitano zaidi angekutana na dawa: mwaka 1996 ndipo mchanganyiko wa dawa unaozuia virusi ulianza kurudisha watu kutoka kaburini. Kutoka ndani ya msiba wake wenzake waliunda mfuko unaosaidia kazi ya kupigana na SIDA katika inchi nyingi, Afrika pia.

Na kwao Unguja? Mwaka 2004 visiwa viliongeza adhabu kali kwa wanaume wanaolala na wanaume. Mwaka 2006, wakati watu fulani walitaka kufanya sherehe ya kukumbuka kwamba angefikisha miaka 60, kikundi cha Uamsho kilipinga kwa nguvu, na sherehe haikufanyika. Tangu 2019 kuna makumbusho yake Mji Mkongwe, na watalii wanalipa kuingia. Feza yake inapokelewa, jina lake linaandikwa ukutani. Yeye mwenyewe, angekuwa hai na akasema wazi, hatujui kama angepita ule mlango.

Mtu atatuambia: huyo alikuwa tajiri, alikuwa na kampuni kubwa nyuma yake, alikuwa Ulaya. Ni kweli. Basi tuangalie wasio na kampuni. Februari 2016, Kenya, kundi moja linaloitwa Art Attack liliweka kwenye intaneti wimbo na vidio vya kutetea watu wanaopenda wa jinsia yao. Hawakuwa na kampuni, hawakuwa na redio. Bodi ya filamu ya serikali ikasema vidio hivyo haviruhusiwi, ikaandikia Google iviondoe YouTube. Google haikuviondoa, iliweka onyo kwa watazamaji. Wale vijana walifanya jambo ambalo Freddie Mercury na milioni zake hakulifanya: walisema mbele ya kamera, katika inchi ambako sheria inaweza kumpa mtu miaka 14 ya gereza, na ambako mahakama kuu ilikataa kuifuta sheria hiyo Mei 2019. Unaweza kuupenda wimbo wao au usiupende. Lakini mwimbaji asiye na kampuni anabeba kila kitu kichwani mwake: feza ya studio, matusi ya jirani, mwenye nyumba anayemwambia ahame kesho, mama anayelia.

Sisi Wakongomani tunajidanganya kwamba mambo haya ni ya wengine. Sheria yetu ya jinai haina kifungu kinachomfunga mtu juu tu anapenda mtu wa jinsia yake. Katiba ya 2006, kifungu 40, inasema ndoa ni ya mwanaume na mwanamke, inaishia hapo. Miswada ya kuleta adhabu ilipelekwa bungeni mwaka 2010 na 2013, haikupita. Lakini kijana wa Baraka hahitaji mswada ili kupigwa. Neno moja linatosha, «pede», likitupwa sokoni asubuhi. Saa sita linakuwa limefika mpaka bandarini, na jioni hana pa kulala.

Na juu ya waimbaji wasio na mkubwa nyuma yao, tunajua vizuri wanavyotendewa. Novemba 2021 tume ya kuchunguza nyimbo, Kinshasa, ilifunga «Nini to sali te» wa kundi MPR, vijana wa mtaani waliokuwa wanaimba tu juu ya njaa na serikali. Watu walipiga kelele, na marufuku ikaondolewa haraka. Tulifurahi wote. Tulisema: mwimbaji aachwe aimbe ukweli wake. Tulimaanisha ukweli wa kila mtu, au ule tu unaotupendeza?

Tunajua tunaandikia nani. Wasomaji wetu wengi ni watu wa kanisa na wa msikiti, na wakiwa na swali juu ya dhambi wana pasta, padri na shehe wa kuuliza. Gazeti halichukui kazi yao. Kazi yetu ni kusema kile kinachotokea kwenye machimbo, na sasa tumerudi huko, kama tulivyoahidi.

Mu kambi ya wachimbaji wanaume wanakaa miezi mbali na wake zao. Feza inaingia siku moja na inatoka usiku ule ule. Kila mtu anajua kinachofanyika nyuma ya mahema ya plastiki, na hakuna anayekisema. SIDA iko hapo. Baraka ilipata huduma ya SIDA na kifua kikuu kwa miaka mingi na Madaktari Wasio na Mipaka, waliofika 2003. Mwisho wa 2020, baada ya kushambuliwa barabarani, waliondoka katika sehemu kubwa ya Fizi. Kilichobaki ni kidogo, na hicho kidogo kinahitaji watu wathubutu kukiendea. Dawa hazitozwi feza. Mtu anayezikunywa kila siku mpaka virusi visionekane tena katika damu hamwambukizi mwenzake kitandani. Hii si maneno ya kutuliza. Ni jambo lililopimwa na madaktari kwa maelfu ya watu.

Lakini nani ataenda kupimwa, kama njiani anajua kwamba muuguzi ni shemeji wa jirani yake, na kwamba akionekana kwenye benchi lile watauliza alilala na nani? Yule kijana ambaye kambi inamshuku, ambaye hajaoa na anacheka kwa sauti nyembamba, njo wa mwisho kwenda. Anangoja mpaka anakohoa damu. Na katika miaka ile ya kungoja hakukaa peke yake: wengine wameoa, wana wake huko Lulimba na Nundu, na watoto. Mama unayesoma hapa, unayeuza ndagala ili watoto waende shule wakati bwana yuko shimoni, matusi yale yanayotupwa nganda yanafika mpaka kitandani kwako. Hayakulindi hata kidogo. Yanamficha tu mgonjwa.

Tunaomba mambo ambayo yanawezekana. Wauguzi wa vituo vya afya vya Misisi, Fizi na Baraka wafunge midomo. Mwenye kutangaza damu ya mtu aondolewe kazi, awe mtoto wa nani. Siku ya kupima ipelekwe kwenye machimbo yenyewe, jioni, wakati watu wanatoka chini, na kila mtu apimwe, PDG wa kwanza, ili mstari usiwe mstari wa washukiwa. Wakubwa wa machimbo waseme wazi kwamba kijana hafukuzwi shimoni juu ya uvumi; kama anachimba na anabeba mfuko wake, apate sehemu yake. Redio zetu za hapa, zinazopiga nyimbo za harusi na za kanisa tangu asubuhi, zitoe nusu saa kwa vijana wanaojirekodi wenyewe kwa simu, bila kwanza kuuliza wanalala wapi na nani.

Na kwa yule aliyesema «muzime ile kitu»: hatumchukii, ni mwenzetu, tungekunywa naye. Tungemuuliza tu jambo moja. Alipokuwa anaimba, kabla ya kuambiwa, mikono juu, alihisi nini? Ule wimbo uliandikwa na mtoto wa Unguja aliyekimbia vita, aliyekatwa feza na wakubwa wake, na aliyeogopa kusema kwamba ni mgonjwa. Katika mambo hayo matatu, ni lipi ambalo hajaliona kambini kwake?