Wafula Hardware Gani?

Barabara kuu itokayo Webuye kwenda Kitale hupita Misikhu, na hapo ndipo huchomoka ile ya Naitiri na Brigadier. Soko la njia panda hulishwa na wapita njia: dereva wa lori la miwa, mkulima anayetafuta mbolea, mzazi anayempeleka binti shule ya St. Cecilia muhula unapofunguliwa. Kila mmoja ana muda wa kutupa jicho moja tu kwenye ubao wa duka. Na kama ilivyo katika masoko mengi ya Kenya, jicho hilo hukutana na kijani cha kampuni ya simu, nyekundu ya soda au nembo ya kiwanda cha rangi. Jina la mwenye duka limesukumwa pembeni, herufi zake ndogo kama za karatasi ya maelezo ya dawa.

Wafanyabiashara wadogo huukubali mpango huo haraka mno. Kampuni hupaka ukuta bila malipo, duka likang'aa, mwenyewe akafurahi. Tatizo ni kwamba duka la jirani limepakwa vivyo hivyo, na la tatu pia, hata mteja akiulizwa alinunua wapi hujibu kwamba ni pale kwenye ukuta wa kijani. Anayefungua duka mwaka huu angenunua mwenyewe mkebe wa rangi na kumlipa fundi wa maandishi. Kwa wengi, ukuta wa mbele ndilo tangazo pekee watakalowahi kumiliki.

Halafu kuna jina lenyewe. Wabukusu wana desturi ya kumwita mtoto kwa msimu aliozaliwa. Wa mvua ni Wafula au Nafula, wa mavuno ni Wekesa au Nekesa, wa kiangazi ni Simiyu au Nasimiyu, wa wakati wa njaa ni Wanjala au Nanjala. Desturi hiyo hutunza kumbukumbu za ukoo vizuri sana, ila haifai kitu kwa kutofautisha maduka. Misimu ni michache, watu ni wengi. Mtu akiandika "Wafula Hardware" popote kati ya Webuye na Kiminini, mwendesha bodaboda aliyepewa mzigo wa misumari atauliza tu: Wafula gani? Jina likihitaji swali la pili, bado halijaanza kazi.

Wanaokwepa jina la ukoo hukimbilia Biblia. Imani ya mtu si jambo la kubishania, lakini soko lenye Ebenezer ya nguo, Ebenezer ya kinyozi na Ebenezer ya dawa za mifugo limemrudisha mteja palepale kwa Wafula. Wengine huchukua Mulembe, salamu ya Waluhya ambayo tayari imebebwa na kituo cha redio, Mulembe FM. Anayeiandika juu ya mlango wa hoteli hudhani ameazima umaarufu. Ukweli ni kwamba amejificha nyuma yake.

Historia ya maduka makubwa ya Kenya ina funzo la karibu. Nakumatt ilianza Nakuru ikiuza magodoro, na jina lake ni kifupi cha Nakuru Mattress. Tuskys ilitokana na Tusker Mattresses. Naivas ilitokana na Naivasha Self Service Stores. Zote tatu zilichukua jina refu lililoeleza bidhaa au mahali, zikalikata mpaka likabaki sauti fupi isiyomfunga mtu. Mnunuzi aliyeingia Nakumatt kutafuta televisheni hakuwa na godoro akilini. Ufupi huo, hata hivyo, haukulipa madeni: Januari 2020 wadai wa Nakumatt walipiga kura kampuni ifungwe, na Tuskys nayo ikaporomoka baadaye. Naivas ipo, na sababu zake ni nyingi kuliko silabi mbili tatu za jina.

Kitale wana mfano wao wenyewe. Khetia Drapers, kama jina linavyosema, ni jina la duka la vitambaa. Leo ni mtandao wa maduka makubwa yaliyosambaa Magharibi mwa Kenya, na watu wamebakiza Khetia peke yake. Anayenunua unga huko Bungoma hana habari na vitambaa. Ndiyo faida ya jina ambalo si la kila nyumba ya pili: mzigo wa maelezo ukishaangushwa, linabaki na la kushika. Wafula hana bahati hiyo. Akitaka kulitumia jina lake, aongeze kitu ambacho Wafula mwingine hana, iwe jina la utani alilopewa sokoni au hata jina la babu lisilosikika sana.

Je, jina la mahali? Mabasi ya Eldoret Express yamebeba abiria wa Kitale na Bungoma kwa miaka, na hakuna aliyekataa kupanda kwa sababu nyumbani kwake si Eldoret. Lakini kampuni yenye mabasi mengi barabarani inaweza kumudu kutoeleweka kwa muda. Kibanda cha M-Pesa hakiwezi, na "Misikhu Agrovet" siku ikifungua tawi Kimilili itaanza kwa kujieleza.

Mafunzo mengine yamo ndani ya agroveti zenyewe, kwenye magunia ya mbegu. Kenya Seed, iliyoanzishwa Kitale mwaka 1956, imeziita mbegu zake za mahindi kwa herufi na tarakimu, na H614 ndiyo inayojulikana zaidi. Seed Co, kampuni yenye asili ya Zimbabwe, ilileta wanyama katika soko hili: Sungura, Duma, Punda Milia, Simba, Tembo. Mpango huo una akili. Sungura hukomaa mapema na Tembo huchukua muda mrefu, kwa hiyo mkulima asiye na nafasi ya kusoma maandishi madogo amepata nusu ya maelezo kwenye jina. Hata hivyo wakulima wengi wa Trans Nzoia bado huagiza 614 kwa nambari. Tarakimu zisizo na ladha yoyote zimegeuka jina linalopendwa kwa sababu ghala zilijaa.

Siku hizi jina hukaguliwa pia kwenye simu. Mteja akiingiza nambari ya till ya Lipa na M-Pesa, huoneshwa jina la anayelipwa. Ubao ukisema hivi na simu ikisema vile, atasita, na ana haki ya kusita kwa jinsi matapeli walivyo wengi. Hata hivyo kuna maduka mengi ambayo ubao una jina moja, till ina la pili, na leseni ya kaunti ina la shemeji aliyelipia.

Kuna pia dhana moja inayowagharimu watu. Wengi huamini kwamba wakishasajili jina la biashara kupitia eCitizen, kwa Huduma ya Usajili wa Biashara, jina limekuwa mali yao. Sivyo. Usajili huo humruhusu mtu kufanya biashara kwa jina hilo. Anayetaka kulilinda kama nembo ya bidhaa au huduma huenda KIPI, taasisi ya mali bunifu ya viwandani, ambako ulinzi hudumu miaka 10 na huweza kuhuishwa. Pia kuna maneno yasiyochukuliwa hivi hivi: neno "benki", kwa mfano, linadhibitiwa na Sheria ya Benki, hata kama biashara ni ya kukopesha jirani shilingi mia mbili.

Serikali za kaunti za Bungoma na Trans Nzoia zingeweza kusaidia bila kutunga sheria mpya. Maafisa wao hupita madukani kila mwaka kudai ada ya leseni, wakiwa na orodha ya biashara za soko. Wangempa kila mwombaji mpya orodha ya majina ambayo tayari yanatumika Misikhu, Kamukuywa na Kiminini, kisha wamwombe arudi kesho yake na matatu ambayo hayamo.