Makisio ya kompyuta yasiandikwe kwenye ankara

Biashara ya mafuta ya karafuu ina vipimo viwili. Pipa hutajwa kwa lita, lakini katika masoko ya nje bei hutajwa zaidi kwa kilo. Anayenunua kwa lita na kuuza kwa kilo hana budi kujua uzito wa lita moja, yaani densiti. Hapo ndipo faida inapoweza kuvuja bila mwenyewe kujua.

Siku hizi zipo programu za kompyuta zinazokisia densiti ya kemikali bila hata tone moja kupimwa. Mtumiaji huingiza muundo wa molekuli. Programu hujumlisha nafasi inayochukuliwa na kila kundi la atomu, kisha hugawa uzito wa molekuli kwa jumla hiyo. Yujenoli, kemikali kuu ya mafuta ya karafuu, ina uzito wa gramu 164.2 kwa moli, na moli hiyo huchukua mililita 154 hivi. Jibu ni kilo 1.066 kwa lita.

Kwa mkemia, jibu linalokaribia hapo ni zuri. Kwa mfanyabiashara ni hatari, na sababu zake ni tatu.

Kwanza, makisio yenyewe yana mwanya. Katika orodha nyingi za kemikali, densiti iliyokisiwa huandikwa pamoja na kosa la 0.06 juu au chini. Kwa pipa la lita 200, hizo ni kilo 12 kila upande.

Pili, programu hukisia kemikali safi, ilhali pipani mna mchanganyiko. Mafuta ya karafuu yana pia karaiofilini, ambayo ni nyepesi kuliko maji. Kwa hiyo mafuta ya maua, makonyo au majani kwa kawaida huwa kati ya 1.04 na 1.06. Mafuta yenye densiti ya 1.045 yatatoa kilo 209 kwa pipa, wakati hesabu ya yujenoli safi inaahidi kilo 213.2. Katika mapipa 20, kilo 84 zipo kwenye karatasi tu. Aliyekwisha kuahidi mzigo huo kwa mnunuzi atazifidia kutoka mfukoni mwake.

Tatu ni joto. Vimiminika hutanuka. Lita moja ya ethanoli ina kilo 0.789 katika nyuzi 20 za Selsiasi, lakini kilo 0.781 katika nyuzi 30. Tofauti hiyo ni kilo 8 kwa kila lita 1,000. Takwimu ya nyuzi 20 haifai kutumiwa kwa ghala la pwani bila kurekebishwa.

Programu hizi zina kazi yake. Zinasaidia kupanga usafiri, au kupata picha ya kemikali ngeni kabla sampuli haijafika. Lakini kupanga ni jambo moja na kulipana ni jambo jingine.

Dawa yake si ghali. Pipa lipimwe likiwa tupu, kisha lipimwe likiwa limejaa, kwenye mzani uliokaguliwa. Anayelazimika kuuziana kwa lita atumie haidromita, na mkataba utaje densiti iliyopimwa pamoja na joto lake. Muuzaji anayekataa kupima mbele ya mnunuzi, huku akionyesha karatasi ya kompyuta, asilipwe kwa karatasi hiyo.