Arusi inalipa
Jumamosi hii Butembo, mashariki mwa Kongo, kijana wa video alikuwa akirekodi arusi, kamera yake imefungwa kwa mpira wa baiskeli. Nikamuuliza mbona haigeuzi upande wa Beni, ambako raia wanachinjwa tangu Oktoba 2014. "Arusi inalipa, papa. Vita hailipi." Nikamkumbuka mtengenezaji filamu Dieudo Hamadi wa Kisangani, aliyesomea udaktari kabla ya kushika kamera. Yeye hakuja na kofia ya chuma akaondoka na ndege ya jioni kama wapiga filamu wa kigeni: alipanda boti na walemavu wa Vita ya Siku Sita ya Kisangani, Juni 2000, wakateremka mto hadi Kinshasa kudai fidia, na magongo yao na miguu ya bandia, mvua ikiwapiga chini ya maturubai. Filamu aliyoipiga katika safari hiyo iliteuliwa rasmi Cannes mwaka 2020. Mgeni hula akaenda, mwenyeji ndiye aoshaye sufuria. Kwetu huku, katika filamu za wageni, kijana anayewatafutia njia, lugha na mashahidi huandikwa mwisho, herufi ndogo, baada ya dereva. Huo si ushirikiano, ni uchuuzi wa misiba yetu. Anayetaka filamu ya Beni amlipe kijana huyo mshahara wa mwaka, si posho ya siku tatu.