Ndoto ya Binti ni Kazi ya Nyumba Nzima



Kila mwaka, mwezi wa Septemba unapokaribia, familia nyingi za Uvira, tangu Kavimvira hadi Kalundu, hukaa jioni kufanya hesabu. Huhesabu mapato ya ndagala, mavuno ya mihogo na ya mpunga wa bonde la Ruzizi, na zamu yao katika likelemba. Tangu mwaka 2019 elimu ya msingi katika shule za Serikali hailipiwi, na kwa hilo tunamshukuru Mungu. Lakini shule ya sekondari inalipiwa bado, na chuo kikuu zaidi. Hesabu isipotimia, huulizwa nani aendelee na nani asubiri. Mara nyingi jibu huwa limekwisha kupatikana kabla ya swali kutamkwa: binti atasubiri. Na binti aliyeambiwa asubiri mwaka mmoja, mara nyingi haisikii tena kengele ya shule.

Sisi tunaofundisha katekesimu na kuwaandaa walimu tumeliona jambo hilo kwa miaka mingi, wala hatuwezi kulinyamazia. Tunaloamini ni hili: ndoto ya binti huzaliwa katika familia na hulishwa na familia, na inapozimwa, mara nyingi huzimwa na familia hiyo hiyo. Kwa sababu hiyo maisha ya kesho ya binti si shauri lake peke yake, wala si shauri la baba peke yake. Ni kazi ya nyumba nzima, na ninyi vijana, wavulana na wasichana, mna sehemu yenu katika kazi hiyo tangu leo.

Waulizeni wasichana wa vikundi vyenu wanataka kuwa nani. Mtasikia: muuguzi, mwalimu, mwanasheria, mhandisi, mtawa. Kisha waulizeni kwa nini. Wachache watataja mshahara kwanza. Wengi watawasimulia habari za nyumbani: mama anayebeba mizigo sokoni na mgongo unaomuuma, mdogo wao aliyeugua kipindupindu na kukosa huduma, baba aliyepoteza shamba au nyumba maji ya ziwa na ya mto yalipofurika. Ndoto zao zina nyuso za watu. Hilo ni jambo la heshima. Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliiita familia Kanisa la nyumbani, na katika Kanisa hilo dogo mtoto hujifunza kwanza kwamba maisha yake hayakukusudiwa yeye peke yake.

Lakini familia humtia mtoto moyo kwa njia gani? Wengi husema: kwa fedha. Sisi twasema kwamba fedha inahitajika, tena sana, ila mara nyingi kitu kingine huitangulia. Tutazame mfano wa karibu. Daktari Denis Mukwege alizaliwa Bukavu mwaka 1955, katika nyumba ya mchungaji wa Kanisa la Kipentekoste. Akiwa mtoto alimsindikiza baba yake kwenda kumwombea mtoto mgonjwa. Akashangaa kuona baba ameomba bila kutoa dawa, ilhali yeye mwenyewe akiugua hupewa dawa. Baba akamweleza kwamba yeye si mganga. Mtoto akaazimia kuwa yeye wa kutoa dawa, na baba aendelee kuomba. Baadaye alisomea utabibu Bujumbura, ng'ambo ya ziwa letu, akafanya kazi katika hospitali ya Lemera, hapa katika wilaya yetu ya Uvira, hadi hospitali hiyo iliposhambuliwa vitani mwezi wa Oktoba 1996. Mwaka 1999 alianzisha hospitali ya Panzi, na mwaka 2018 alipewa Tuzo ya Nobeli ya Amani. Baba yule hakumpa mwanawe utajiri. Alimchukua pamoja naye mahali penye mateso, akalipokea swali lake bila kumkemea.

Mfano wa pili ni wa binti, nao unatoka Kenya. Wangari Maathai alizaliwa mwaka 1940 katika kijiji cha Ihithe, wilaya ya Nyeri. Kaka zake walikwenda shule, yeye akabaki kumsaidia mama kazi za nyumbani na shambani, kama ilivyokuwa desturi. Siku moja kaka yake Nderitu, mvulana tu, alimwuliza mama yao kwa nini Wangari haendi shule kama wao. Mama hakuona sababu ya kumzuia. Akashauriana na wakubwa wa familia, na Wangari akaanza masomo akiwa na umri wa miaka 8. Kisha alikwenda katika shule ya bweni ya masista Wakonsolata huko Mathari, na huko akaingia Kanisa Katoliki. Mwaka 1960 alipata nafasi ya kusoma katika chuo cha masista Wabenedikto huko Kansas, Marekani. Mwaka 1971 akawa mwanamke wa kwanza katika Afrika ya Mashariki na ya Kati kupata shahada ya udaktari. Mwaka 1977 akaanzisha harakati za wanawake za kupanda miti. Na mwaka 2004 akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika kupewa Tuzo ya Nobeli ya Amani.

Vijana wa kiume, tunawaomba msome habari hiyo mara mbili. Mlango wa maisha ya Wangari haukufunguliwa kwanza na waziri wala na mfadhili. Ulifunguliwa na mvulana aliyeuliza swali nyumbani kwao. Nderitu hakuwa na fedha, hakuwa na cheo. Alikuwa na macho ya kuona kwamba jambo fulani halikuwa sawa, na kinywa cha kulisema.

Tena swali hilo lina gharama yake. Katika mji wetu maji ya bomba hayafiki kila nyumba. Ni nani anayeamka alfajiri na kibidoni kwenda kuchota, ziwani au kwenye bomba la jirani? Ni nani anayefagia, anayewasha makaa, anayepika bugali, kisha afike darasani akiwa amechoka, au asifike kabisa? Na jioni kaka yake anaposoma au anapocheza mpira, ni nani anayeosha vyombo? Kijana anayesema katika mkutano wa kikundi kwamba wasichana wana haki ya kusoma, lakini hajabeba kibidoni hata siku moja, bado hajalisema neno hilo mpaka mwisho. Saa moja ya maji ni saa moja ya masomo. Kaka akiibeba, dada ataipata.

Si kila familia hufungua mlango. Mwenyeheri Anuarite Nengapeta, aliyezaliwa Wamba mwaka 1939, alikuwa mmoja wa mabinti waliozaliwa mfululizo katika nyumba yao. Baba yake alitaka mtoto wa kiume. Alipomkosa, alimwacha mama yao akaoa mwingine. Tulitafakari neno hilo. Mtu alimfukuza mke wake kwa sababu alimzalia wasichana tu, na mmoja wa wasichana hao ndiye mwanamke wa kwanza wa Kongo kuinuliwa altareni. Anuarite aliingia katika shirika la masista wa Jamaa Takatifu huko Bafwabaka, akauawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964 akiutetea usafi wake na kumsamehe aliyemwua, na Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili akamtangaza Mwenyeheri mjini Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985. Wazazi mnaohuzunika kwa kuzaa wasichana, mtazameni Anuarite. Na ninyi wasichana ambao nyumba zenu zimejeruhiwa, fahamuni kwamba jeraha la familia haliwezi kuufuta mwito wa Mungu.

Ipo hatari nyingine, na hii hujificha vizuri kwa sababu huvaa vazi la upendo. Ni ile familia inayomsomesha binti kama mtu anavyoweka fedha mahali ili azivune na faida. Tangu siku ya kwanza huambiwa: tumetumia mali kwa ajili yako, utatulipa. Mara humchagulia kazi kwa kutazama mshahara tu. Mara humchagulia mume kwa kutazama mahari. Akipata kazi, wajomba, binamu na majirani hujipanga mlangoni kwake, wala hakuna anayemwuliza kama amekula. Jambo hili si la kwetu tu. Huko Ufilipino, nchi ya Asia ambayo watu wake wengi ni Wakatoliki, mabinti wengi huota kuwa wauguzi au kwenda kufanya kazi ng'ambo kwa ajili ya wazazi na wadogo zao, na mamilioni ya Wafilipino wako nje ya nchi yao wakituma fedha nyumbani. Lugha yao ina neno linalotaja deni la shukrani linalokaa ndani ya moyo. Ni neno zuri. Lakini wao wenyewe wanajua kwamba deni hilo likiwekwa mikononi mwa watu wenye tamaa hugeuka kuwa mnyororo.

Basi tufuate nini? Hatusemi binti asahau kwao. Amri ya nne ipo, na Yezu mwenyewe aliwakemea wale waliotumia visingizio vya dini ili wasiwasaidie wazazi wao (Mk 7, 9-13). Mtoto aliyesomeshwa kwa jasho la mama, kisha akaona haya kumtaja, amejitia umaskini mkubwa. Lakini Injili hiyo hiyo inatuonyesha Yezu, akiwa na umri wa miaka 12, amebaki Hekaluni akishughulika na mambo ya Baba yake (Lk 2, 41-52). Maria na Yosefu walimtafuta kwa uchungu, wakasikia jibu lake, wala hawakulielewa. Hawakumpiga, hawakumkatalia, Maria aliyaweka yote moyoni. Naye Yezu akarudi pamoja nao Nazareti, akawatii. Hapo twaona pande zote mbili: wazazi wanaokubali kwamba mtoto ana mwito ambao hawakuupanga wao, na mtoto asiyeutumia mwito wake kuidharau nyumba iliyomlea.

Kwa hiyo twawapa wazazi neno moja: mwulizeni binti anaota nini kabla ya kumwambia mnachokitaka. Na kumbukeni kwamba sheria ya ulinzi wa mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumwoza mtoto asiyetimiza miaka 18, na kwamba marekebisho ya Sheria ya Familia ya mwaka 2016 yaliondoa sharti la zamani lililomtaka mwanamke aliyeolewa kupata kibali cha mume kabla ya tendo la kisheria. Serikali imekwisha kuandika. Inabaki nyumba zetu kusoma.

Wasichana, tunawaambia: ndoto yenu isiishie kwenye neno «nataka». Mtu anayetaka kuwa muuguzi aanze na somo la biolojia analolikimbia. Anayetaka kuwa mwanasheria ajifunze kusema ukweli mbele ya watu, hata katika mkutano wa shirika la mtaa wake. Wasaidieni wazazi wenu kuwaelewa: wasimulieni mnachojifunza, kwa maana mama ambaye hakupata kusoma anaweza kuwa mlinzi wa kwanza wa masomo yenu akijua yanaelekea wapi.

Nanyi viongozi wa vikundi, fanyeni jambo linaloonekana. Mwezi wa Agosti, kabla ya hesabu zile za jioni, pitieni nyumba za wasichana wa kikundi na kuzungumza na wazazi kwa adabu, mkiongozana na katekista au na wazee wa shirika. Ulizeni nani yuko hatarini kubaki. Pengine mtakosa fedha za kumlipia. Lakini mtakuwa mmeliuliza swali la Nderitu, na katika nyumba nyingine litatosha kwa mwaka huo.

Tarehe 18 Agosti 2024, hapa Uvira, Kanisa liliwatangaza Wenyeheri mapadre Giovanni Didonè na Luigi Carrara, bruda Vittorio Faccin na padri Albert Joubert, waliouawa Baraka na Fizi tarehe 28 Novemba 1964. Watatu walitoka katika familia za Italia zilizokubali mtoto aende mbali. Joubert alizaliwa kusini, kwenye pwani ya ziwa hili hili, katika nyumba ya baba Mfaransa na mama Mkongomani. Tunawaomba waziombee familia zetu, ili zijue kumpokea mtoto kama zawadi, na kumwachilia aende anakoitwa.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:

1. Katika nyumba yetu, ni nani anayechota maji na kupika? Kazi hizo zinamnyima nani muda wa kusoma?

2. Je, ndoto niliyo nayo ni yangu, ni ya wazazi wangu, au tumeipata pamoja mbele ya Mungu?

3. Ni msichana gani wa parokia yetu aliyeacha shule mwaka huu, na ni nani kati yetu atakayekwenda kwao wiki hii?